Maji ya Ndila

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Kivaa wakati Mutuku alipofungua boneti ya gari lake, Probox, kama alivyofanya kila jioni tangu amzike mkewe. Wanaume wengine hukumbuka betri siku gari likigoma. Mutuku aliikagua kila siku, maana Mwongeli, binti yake wa miaka sita, alikuwa amerithi pumu ya mama yake, na hospitali ilikuwa mbali.

Aliosha unga mweupe kwenye vichwa vya betri kwa maji moto. Akafungua vifuniko sita, kimoja kimoja, akamulika ndani kwa simu.

Kavu.

Jana alikuwa ameijaza. Juzi pia. Betri ilikuwa mpya, haina ufa, na chini hapakuwa na tone. Fundi wa Masinga aliipima akacheka. "Boss, hii betri haina shida. Labda uko na mtu anainywa."

Kamanthe, mama yake Mutuku, hakucheka. "Hiyo ni kiu," alimwambia asubuhi. "Tangu tumzike mkeo Ndila hujamwaga hata tone moja ya maji chini. Aimu, roho za waliokufa, wakisahaulika, wanakuja kujitafutia."

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa."

"Na yeye alikuwa bibi yako."

Kuna jambo Mutuku hakuwahi kumwambia mama yake wala pasta. Jioni ile Ndila aliposhindwa kupumua, gari lilikataa. Tk... tk... tk... Betri ilikuwa imekauka kwa uzembe wake, na nyumbani kulikuwa na jagi moja tu la maji. Ndila, kwenye kiti cha mbele, alinyoosha mkono.

"Baba Mwongeli... maji."

"Ngoja kidogo. Hii ni ya betri."

Akayamimina yote. Gari halikuwaka. Alipoinua kichwa, Ndila hakuhitaji maji tena. Miezi mitatu sasa, neno lile "ngoja" lilikuwa likimtafuna usiku na mchana.

Sasa alichukua chupa ya maji ya betri, akajaza chumba cha kwanza cha betri. Cha pili. Cha tatu... Harufu ikamfikia. Mafuta ya waridi, yale ya Ndila. Kisha sauti, ndani ya gari, nyuma ya boneti iliyoinuliwa.

Hiii... hiii...

Kifua kinachobana.

"Mwongeli?" alinong'ona.

Maji katika chumba cha kwanza yakaanza kushuka, polepole, kama soda inayovutwa kwa mrija.

"Baba Mwongeli... maji."

Akili ilimwambia kimbia, lakini moyo ulikataa kumwacha kwa mara ya pili. Akalia waziwazi, mwanamume mzima. Akaingia jikoni, akarudi na kikombe cha bati alichokipenda marehemu, kimejaa maji ya mtungi. Akafungua mlango wa mbele huku amefumba macho, akakiweka kitini.

"Nisamehe, Ndila. Haya ni yako. Yale ya betri yana asidi. Usiyanywe tena."

Akamalizia kujaza betri, akafunga boneti.

Asubuhi maji ya betri yalikuwa palepale kwenye alama. Gari liliwaka mara moja. Kikombe kilikuwa kitupu, na Mutuku akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu mazishi.

Ndipo alipokiinua kikombe. Ukingoni rangi ilikuwa imelika hadi kwenye bati, upana wa mdomo wa mtu.

Mwongeli alitoka nje akifikicha macho. Shavuni alikuwa na alama mbichi, nyekundu, kama ya kuungua.

"Mama alikuja kunibusu," alisema. "Ameshiba maji, amesema asante."

Akaigusa ile alama, akakunja uso.

"Lakini Baba... nani alimchoma Mama midomo?"