Ukoo wa Aitis

Asubuhi ile Ruti alifagia uwanja mara mbili. Kutoka barabarani zilisikika honi za malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Ndani ya nyumba kuku alikuwa anachemka. Mumewe, Abrahamu Simbeye, alikuwa amevaa koti lake la kanisani ingawa siku yenyewe haikuwa Jumapili.

"Mama Irene, pumzika," alisema Abrahamu. "Wageni watakula kuku, hawatakula uwanja."

"Wageni hawa wanatazama kila kitu," alijibu Ruti, huku akishika goti lake la kulia.

Wageni walikuwa wanatoka upande wa Sebastian Simwinga, fundi seremala. Sebastian alitaka kumwoa Irene, binti yao. Vijana walikuwa wamekwisha kupendana, lakini kwetu mapenzi ya vijana hayatoshi. Kwanza wazee huuliza habari za ukoo. Je, kuna ugonjwa unaorithiwa? Je, kuna undugu kati yao? Majibu yakiwa mazuri, ndipo watu hucheka na kula.

Msemaji wa wageni alikuwa shangazi yake Sebastian, Anastazia Namwinga. Mama huyu aliuza mchele wa Kamsamba katika soko la Tunduma. Alijua kupima mchele kwa kopo, na alijua kupima watu kwa macho.

Wageni waliingia, wakakaa. Irene alipiga magoti, akawasalimu vizuri. Ikafika zamu ya Ruti. Kwa desturi, mama wa binti naye hupiga magoti mbele ya wageni kama hao. Ruti alishika kiti, akainama kidogo, akashindwa. Aliwasalimu akiwa amesimama.

Shangazi Anastazia aliinua nyusi. "Mama mwenye binti amesimama kama askari wa mpakani," alisema.

"Nisamehe, dada yangu," alisema Ruti kwa aibu. "Si kiburi. Ni magoti. Daktari aliniambia nina athraitis."

Shangazi Anastazia aliweka chini kikombe cha chai.

"Umesemaje?"

"Athraitis."

"Aitis," alisema Shangazi Anastazia polepole. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Sebastian, mwanangu, kaka yako Osward aliuawa na nini?"

Sebastian aliinamisha kichwa. "Meninjaitis, shangazi."

"Mmesikia wenyewe. Huyo ni Simwinga, mimi ni Namwinga. Mwanamume huanza na Si, mwanamke huanza na Na, lakini mwisho wa jina ni mmoja. Mwisho mmoja, ukoo mmoja. Magonjwa nayo ni vivyo hivyo. Meninjaitis, athraitis. Mwisho mmoja! Ugonjwa uliomla Osward umekaa katika nyumba hii. Nikubali uingie tena kwetu kwa mlango wa ndoa?"

"Shangazi, tafadhali," alisema Sebastian.

"Nyamaza. Mimi ndiye niliyemshika Osward kichwa. Wewe ulikuwa mdogo."

Wageni waliondoka. Kuku hakuliwa na mtu.

Tangu siku ile Irene hakuimba tena jikoni. Abrahamu alisema wazi kwamba mambo yamekwisha. Ruti aliacha kumeza vidonge vyake, kwa sababu hakutaka mtu avione. Aliacha pia kukanda magoti kwa maji ya moto. Alitaka ugonjwa usahauliwe.

Siku moja Irene alirudi kutoka kisimani akamkuta mama yake jikoni. Ruti alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Alikuwa anajaribu kupiga magoti. Jasho lilimtoka usoni.

"Mama! Unafanya nini?"

"Najizoeza," alisema Ruti. "Nikiweza kupiga magoti mbele ya Namwinga, atajua kwamba sina ugonjwa. Atakubali uolewe."

Irene alitua ndoo, akamkumbatia mama yake. Goti la kulia lilikuwa limevimba kama boga. "Mama yangu," alisema, "siwezi kuolewa kwa bei ya miguu yako. Twende kwa Mama Naila."

Mama Naila alikuwa jirani yao. Jina lake hasa ni Raudha. Alizaliwa Tanga, lakini alikuwa amekaa Tunduma miaka mingi akifanya kazi ya uuguzi katika zahanati. Aliyatazama magoti ya Ruti, akayagusa taratibu.

"Vidonge viko wapi, Mama Irene?"

"Nimeviacha."

"Nani aliyekuambia uache?"

Irene alieleza yote. Raudha alisikiliza mpaka mwisho. Alitaka kucheka, lakini aliona machozi ya Ruti, akaacha.

"Huyo shangazi si mjinga," alisema. "Amefikiri vizuri, ila ameshika jina upande usiofaa. Nami humnunulia mchele kila wiki. Kesho nitakwenda kununua. Irene, utanibebea kikapu."

"Mimi? Atanifukuza!"

"Mteja hafukuzwi. Wala mbeba kikapu wake."

Kesho yake soko lilikuwa limejaa. Shangazi Anastazia alikuwa anamhudumia mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka. "Mukwai, huu ni wa Kamsamba mtupu, hauna mawe," alimwambia, akimwita kwa heshima ya kwao. Alipomwona Irene alinuna. Alipomwona Raudha alitabasamu. Uso wake haukujua ufuate lipi.

"Karibu, Mama Naila. Leo umekuja na kesi?"

"Nimekuja kununua mchele. Lakini kama kuna kesi, pia nitanunua."

Shangazi Anastazia alicheka bila kupenda. Akasukuma gunia tupu. "Kaa hapo."

Raudha alikaa. "Namwinga, nikuulize. Simwinga na Simbeye ni ukoo mmoja?"

"Hata mtoto anajua hilo. Ni koo mbili."

"Lakini majina yote yanaanza na Si."

"Hiyo Si inaonyesha tu kwamba huyu ni mwanamume! Si haikuonyeshi ukoo. Ukoo uko baada yake: Mwinga, Mbeye, Kazwe. Wewe Mtanga umekaa hapa miaka yote hii na hujui?"

"Najua," alisema Raudha. "Nilitaka ulitamke wewe mwenyewe. Sasa sikiliza. Aitis ni kama Si. Haikuonyeshi ukoo."

Shangazi Anastazia aliacha kupima mchele.

"Majina haya tumeyapata kwa Waingereza," Raudha aliendelea, "lakini hata wao waliyaazima. Zamani waganga wa Ulaya walisoma vitabu vya Kigiriki na Kilatini. Kila walipoona ugonjwa, waliunga maneno ya lugha hizo kuujengea jina."

"Kwa nini? Hawakuwa na lugha zao?"

"Walikuwa nazo nyingi mno. Hapa sokoni kuna Mnamwanga, Mnyiha, Msafwa na mimi. Tunanunuaje na kuuziana?"

"Kwa Kiswahili."

"Basi Kilatini kilikuwa Kiswahili chao. Daktari wa nchi moja aliandika, wa nchi nyingine akaelewa. Chuoni mwalimu wetu alitufundisha kuyafungua majina hayo kama unavyomenya karanga. Athro, kwa Kigiriki, ni kiungo, kama goti au kiwiko. Aitis, katika maneno ya madaktari, maana yake ni kwamba mahali hapo pamevimba na panawaka. Athraitis ni kiungo kinachowaka. Basi. Haisemi nani aliwasha moto."

"Na meninjaitis?" aliuliza Shangazi Anastazia. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ubongo umefunikwa kwa utando mwembamba. Utando huo Wagiriki waliuita meninga. Ukiwaka, ni hatari kubwa, na mara nyingi huletwa na vijidudu. Huo ndio uliomchukua Osward. Magoti ya Ruti yamechoshwa na umri, na magunia ya mahindi, na ndoo za maji. Moto ukiwa jikoni kwangu, na moto ukiwa porini Momba, yote ni moto. Lakini si moto mmoja."

Shangazi Anastazia alikaa juu ya gunia la mchele.

"Daktari alisema neno lile asubuhi," alisema hatimaye. "Jioni kijana wetu hakuwepo tena. Sikulielewa neno lenyewe. Nilikumbuka mkia wake tu. Tangu hapo nikisikia aitis, namwona Osward."

Irene aliweka kikapu chini. Alipiga magoti kando ya gunia. "Pole, shangazi," alisema. "Sebastian huniambia kwamba Osward alimfundisha kushika randa. Kila akipiga randa anamtaja."

Shangazi Anastazia alimtazama binti huyo kwa muda mrefu. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mama Naila, kwa hiyo mimi nimekuwa kichekesho cha soko?"

"Hapana. Unaijua malaria?"

"Nani wa Kamsamba asiyeijua malaria?"

"Neno hilo linatoka Italia. Maana yake ni hewa mbaya. Wasomi wa huko waliona watu wa kando ya mabwawa wanaugua, wakadhani wanauguzwa na harufu ya maji machafu. Baadaye sana ndipo ilipojulikana kwamba ni mbu."

"Kumbe nao walikosea!"

"Walikosea, na jina likabaki."

"Basi mimi si wa kwanza," alisema Shangazi Anastazia, akaangua kicheko mpaka wauza nyanya wakageuka. Alijaza kopo, akaongeza kiganja kizima juu yake. "Irene, kampikie mama yako. Mwambie asifagie uwanja. Jumapili tunakuja, na safari hii tutamla huyo kuku."

"Neno moja tu, Namwinga," alisema Raudha. "Ukiambiwa jina la ugonjwa usilolijua, usilipeleke nyumbani likiwa limefungwa. Muulize daktari papo hapo: uko wapi, unafanya nini, na tuutibu vipi. Neno daktari lenyewe, huko Kilatini lilikotoka, maana yake ni mwalimu. Anayekutibu ana wajibu wa kukueleza."

Ruti alirudia vidonge vyake, akivimeza baada ya kula kama alivyoelekezwa. Alikanda magoti kwa maji ya moto. Irene na baba yake walichukua kazi ya kuchota maji. Abrahamu alibeba ndoo njia nzima akilalamika, lakini alibeba. Kila jioni Ruti alitembea polepole mpaka kanisani na kurudi, maana Raudha alimwambia kwamba kiungo kisichotumika hukaza kama bawaba yenye kutu. Maumivu hayakwisha yote. Yalipungua, naye alilala usingizi.

Siku ya harusi ilifika baada ya mavuno. Uwanja ulijaa watu. Wakati wa pande mbili kusalimiana, kina mama walinyamaza kumtazama Ruti. Alishika kiti, akaanza kuinama.

"Ngoja!" alisema Shangazi Anastazia.

Alikuja mbele akiwa na kigoda kipya, kazi ya mikono ya Sebastian. Alikiweka nyuma ya Ruti, akamshika mabega, akamkalisha. Kisha yeye mwenyewe, mbele ya watu wote, akapiga magoti.

"Mama Irene, wewe kaa," alisema. "Magoti yangu bado mazima. Leo yatasalimu kwa ajili yetu sote wawili."

Vigelegele vilisikika mpaka kwenye foleni ya malori.

Mwaka uliofuata Irene alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Osward. Siku moja mtoto alilia sana huku akishika kichwa. Shangazi Anastazia hakungoja. Alimfunga mgongoni, akampeleka zahanati pamoja na Irene.

Daktari kijana alimpima mtoto. "Ni otaitis," alisema, akaanza kuandika.

Shangazi Anastazia alisikia mkia ule ule. Alishika meza.

"Mwanangu," alisema, "weka kalamu chini kwanza. Wewe ni mwalimu. Iko wapi hiyo?"

Daktari alishangaa, akatabasamu. "Ndani ya sikio, bibi. Pamevimba na panauma. Atakunywa dawa, na lazima aimalize yote hata akiacha kulia. Atapona."

Shangazi Anastazia alivuta pumzi ndefu. Alimgeukia Irene, akampapasa mtoto mgongoni.

"Umesikia, mama? Sikio," alisema. "Aitis hii si ya ukoo ule."