Mizani ya Zulia-lishe

Mashine iitwayo Mkunjuzi ilitambaa uwandani ikitandaza zulia-lishe. Haya yalikuwa malisho ya kiwandani: mizizi imeshonwa ndani ya kitambaa, na nyasi zake hurefuka shubiri moja kwa saa. Mwanakondoo hakuwa na haja ya kutembea. Zulia lilijivuta lenyewe mpaka mdomoni pake, na kwa wiki kumi na mbili akafika kilo thelathini na nane.

Wanakondoo wa Yusta Tweve walikula nyasi za kienyeji na klova, majani ya vikonyo vitatuvitatu, kwenye mlima wa Lipande. Kwa umri huohuo walikuwa na kilo ishirini.

"Ishirini, mama! Unafuga paka?" alisema binti yake, Injinia Atuganile, aliyelibuni zulia. Alikuwa amekuja na Kichomamajani, roboti ya kuunguza mlima ule ili zulia litandazwe hadi juu.

Yusta akaketi kwenye klova, mbele ya mdomo wa roboti.

"Toka hapo, mama. Ni amri ya mji."

"Mji haukunizalia kondoo. Nichome."

"Mama!"

"Au waite wanakondoo wako wa zulia wapande huku. Wakifika, naondoka mwenyewe."

Atuganile akacheka. Akasimamisha zulia, akatikisa debe la chumvi. Wa Yusta waliusikia mlio, wakaruka mtaro uliokatiza mteremko kama wanacheza. Wa zulia wakasimama wakitetemeka magoti. Mmoja tu alijaribu. Alipoweka mguu mtaroni, mfupa ukalia ko! Akaanguka.

"Mizani yako inapima nyama," Yusta alisema. "Mifupa anapima nani?"

Atuganile akaliweka debe chini.

"Na Jumatatu mnawapa watoto wa chekechea uji wa nyasi za zulia hilohilo, eti wakue upesi. Mjukuu wangu Tusekile umemwandikisha wa kwanza."

"Uji umepimwa, mama."

"Kwa mizani hiyohiyo?"

Atuganile alishuka mtaroni, akapitisha mikono chini ya tumbo la yule mwanakondoo. Akavuta. Mwanakondoo hakuinuka. Kila asubuhi alikuwa akiusoma uzito wake kwenye kioo cha mizani, mpaka gramu ya mwisho, lakini hakuwahi kumbeba.

"Mama, nisaidie."

"Zima kwanza hilo dude lako."

Akalizima. Yusta akainuka, akakung'uta sketi, akashuka.

"Shika huko, mimi nishike huku. Na Jumatatu Tusekile anakunywa uji wangu. Waambie hao wa mji waje wanipokonye bakuli mkononi."