Kitasa Kisicho na Tundu la Ndani

Mjinga wa siku ile alikuwa Fundi Kitasa mwenyewe. Hakuna anayemlazimisha kulikiri. Hulisema hadharani, tena kwa kicheko: "Dunia imenipiga makofi mengi, lakini lile la siku ile nilijipiga kwa mkono wangu."

Fundi Kitasa alikuwa akitengeneza vitasa na kuchonga funguo. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Ukutani palining'inia funguo za kila aina, na meza ilinuka mafuta ya mashine. Mke wake alishona nguo kwenye kibaraza. Tupa ilikwaruza huku, cherehani ikanguruma kule, na katikati ya kelele hizo mume na mke walitaniana kutwa nzima.

Binti yao mkubwa alikuwa na mimba ya miezi minne. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, kwa hiyo binti alikuwa amerudi kukaa kwa wazazi wake.

Jambo moja lilimnyima mama yake raha. Zahanati ya mtaa haikuwa na chumba cha kujifungulia. Kuta za chumba zilikuwa zimesimama miaka miwili bila paa. Mlangoni palikuwa na kibao: KAZI IMESIMAMA. FEDHA HAZIKUTOSHA. Hospitali kubwa ilikuwa mbali, na barabara yake ilikuwa mashimo matupu.

"Mwanangu atajifungulia wapi?" mama aliuliza kila asubuhi.

"Miezi mitano bado," Fundi alijibu. "Mambo yatajipa."

"Mambo hayajipi, mume wangu. Mambo hupewa."

Siku moja likabandikwa tangazo. Serikali ilisema mapato ya mwaka ule hayatatosha mahitaji yote. Wananchi waliitwa kwenye ukumbi kutoa maoni yao. Wilaya ilikuwa na mambo mawili mezani. La kwanza, kuongeza vyumba arobaini kwenye jela, kwa sababu jela ilikuwa imejaa. La pili, kumaliza chumba cha kujifungulia, na wenye makosa madogo wapewe vifungo vya nje. Fedha za kufanya yote mawili hazikuwepo.

Fundi alisoma tangazo mara mbili. Macho yakamwaka.

"Vyumba arobaini!" alisema. "Milango arobaini! Na kila mlango una nini?"

"Mwenzangu, una binti mjamzito," mke wake akamkumbusha.

"Najua. Lakini pia nilikuwa na baiskeli!"

Hapo ndipo palipokuwa na donda. Miezi miwili nyuma, mwashi mmoja wa mtaa ule alikosa kazi, akaiba baiskeli ya Fundi na kuiuza. Alikamatwa, akakiri. Mahakama ikampa kifungo cha nje cha miezi sita. Alilala kwake na kufanya kazi za umma bila malipo. Tena aliamriwa amlipe Fundi baiskeli yake. Kila Fundi alipomwona akizibua mtaro, alisonya.

"Mwizi anapigwa na upepo kama mimi!" alilalamika kwa rafiki yake mwenye bucha, ambaye watu walimwita Bucha.

"Wote ndani!" Bucha alidakia. "Mimi nitakuunga mkono, Fundi. Kule ukumbini useme, nami nitapiga makofi."

Asubuhi ya kikao, Fundi aliitwa kurekebisha kitasa cha mlango wa ukumbi, maana cha zamani kilikuwa kimekufa. Akapata wazo, na lilikuwa wazo la kijinga lililovaa nguo za akili. Badala ya kitasa cha kawaida, alifunga kitasa cha chumba cha jela, alichokitengeneza kama mfano. Alitaka wakubwa wakione, wampe kazi ya vitasa arobaini.

Watu arobaini na mmoja walikuja. Kulikuwa na joto, kwa hiyo mlango uliachwa wazi. Mwenyekiti wa kikao alikaa mbele. Kando yake alikaa Bi Afisa, mama mmoja mcheshi aliyesimamia vifungo vya nje vya wilaya. Mke wa Fundi na binti yake walikaa katikati. Nje, Mwashi alikuwa peke yake, akizibua mtaro wa ukumbi.

Fundi alipopewa dakika zake tano, alikwenda moja kwa moja mlangoni.

"Ndugu zangu, nchi bila jela ni nyumba bila mlango. Tazameni kitasa hiki!"

Akausukuma mlango. Klak! Ukajifunga. Bucha akapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

"Kizuri sana," alisema Mwenyekiti. "Sasa fungua, tuna joto."

Fundi akatoa ufunguo mfukoni. Akautazama mlango. Akautazama ufunguo. Jasho likaanza kumtoka.

"Mwenyekiti," alisema taratibu, "kitasa cha jela hakina tundu kwa ndani. Ndiyo sifa yake."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makelele. Madirisha nayo yalikuwa na nondo nene. Aliyezichomelea ni nani? Fundi Kitasa huyo huyo.

"Lakini ufunguo si unao?" aliuliza Bi Afisa. "Mpitishie mtu aliye nje dirishani, afungue."

Watu wote wakageukia dirisha. Nje hapakuwa na mtu ila Mwashi na koleo lake.

"Nimpe mwizi ufunguo?" Fundi aling'aka. "Heri nife na kiu! Nitampigia simu fundi mwenzangu aje."

Akapiga simu, sauti ikasikika hadi nje ya dirisha. Fundi mwenzake akasema yuko njiani. Nyuma ya sauti yake zilisikika sahani na vijiko.

Dakika kumi zikapita. Kisha ishirini. Joto likapanda.

"Maji ya kunywa yako wapi?" mtu mmoja aliuliza.

"Mimi nina dawa ya saa sita, nimeiacha nyumbani," alisema bibi mmoja.

"Samaki wangu wako juani!" mchuuzi alilia. "Nani atawauza?"

Bucha naye akasimama. "Mwenyekiti, mmetuita wenyewe. Mtuletee chai basi!"

Bi Afisa akacheka, akapanda juu ya benchi.

"Wapendwa, nilikuja na maelezo marefu kuhusu gharama za jela. Fundi ameniokolea muda. Mmekaa ndani nusu saa tu. Mmekwisha kudai maji, chai na dawa. Je, mkikaa miezi sita?"

"Tutakufa!" sauti ikajibu.

"Hamtakufa, kwa sababu serikali itawalisha. Itawatibu. Itaajiri askari wa mchana na askari wa usiku. Itanunua gari la kuwapeleka mahakamani na mafuta ya gari. Na samaki wa yule kaka? Hakuna wa kuwauza. Watoto wake watakula nini? Nao wataomba msaada wa serikali. Mtu mmoja ndani, gharama mbili nje. Sasa serikali hupata wapi fedha?"

"Kwa matajiri," alisema Bucha. "Mimi sijawahi kulipa kodi ya jela."

"Sabuni ya kuoshea mikono unanunua?"

"Kila wiki."

"Basi unalipa. Sehemu ya bei ya sabuni ni kodi. Pale dukani, wewe na serikali mnanunua sabuni pamoja. Fedha hiyo ikienda kwenye jela, haiendi kwenye zahanati. Bajeti ni kama kitambaa cha fundi cherehani. Ukikata koti refu sana, suruali inakuwa kaptura."

Mke wa Fundi akacheka kwa sauti. "Hiyo naielewa vizuri! Kuna mteja mmoja nilimfanyia hivyo mpaka leo hanisalimii."

Lakini Fundi hakucheka. "Bi Afisa, kwa hiyo wezi wote waachiwe? Wauaji je? Majambazi je?"

"Hapana, Fundi. Swali lako ni zuri. Mtu wa hatari, anayeumiza wenzake, mahali pake ni jela, na jela iwe imara. Lakini huyo akibanana na aliyeiba kuku, kuku harudi na jela inajaa. Mwenye kosa dogo mahakama inaweza kumpa kifungo cha nje. Hicho bado ni kifungo. Ana saa za kazi, na mimi namsimamia. Asipofika, namrudisha mahakamani, na huko anaweza kupelekwa jela. Na aliyeibiwa analipwa. Wewe hujaanza kulipwa baiskeli yako?"

Fundi akakohoa. "Nimelipwa... gurudumu moja hivi."

"Angekuwa ndani ungelipwa nini?"

Fundi akatazama dari, kana kwamba jibu limeandikwa huko.

Hapo binti yake akasimama. Uso ulikuwa umemkunjamana.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Nataka kwenda chooni."

"Vumilia kidogo, fundi yuko njiani."

"Baba, mimi naweza kuvumilia. Mjukuu wako ndiye asiyetaka. Amenikalia kibofu."

Ukumbi mzima ukamgeukia Fundi. Mke wake alinyoosha mkono, kiganja juu, kama mtu anayedai nauli.

Fundi alisimama pale. Kiburi kilimvuta huku, uzazi ukamvuta kule. Hatimaye akaenda dirishani mwenyewe.

"Wewe," aliita. Kisha akarekebisha sauti. "Bwana mdogo. Hebu njoo."

Mwashi akaweka koleo chini, akaja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Shika ufunguo huu. Utufungulie."

Mwashi akaupokea. Hakuondoka.

"Mzee, nifungue sasa, au nimsubiri fundi mwenzako? Nilimsikia kwenye simu akiomba aongezewe mchuzi."

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye, akipenda asipende, mdomo ukamcheza. Mlango ukafunguka. Binti akapita kama mshale, akiwa ameshika tumbo kwa mkono mmoja na viatu kwa mkono wa pili. Hewa safi ikaingia.

Fundi akamfuata Mwashi hadi mlangoni.

"Niambie kweli. Ufunguo ulikuwa mkononi mwako. Kwa nini hukutuacha humu? Mimi nimekusonya miezi miwili."

"Nimekuhesabia, Mzee. Misonyo ni mingi," alisema Mwashi. "Lakini nina watoto wawili. Kila jioni wananiuliza, baba leo umefanya nini? Leo nitakuwa na la kuwasimulia."

Fundi akampa mkono.

Mwenyekiti akagonga meza. "Fundi, bado una dakika mbili zako. Unazitaka?"

"Nazitaka." Fundi akasimama mbele, akafuta jasho. "Ndugu zangu, nilikuja kusema jela iongezwe. Nilitaka vitasa arobaini, msione haya kunicheka. Nusu saa imenifundisha. Mtu wa hatari afungwe, hilo silibadilishi. Lakini mwenye kosa dogo atolewe, afanye kazi tuione. Na fedha ziezeke kile chumba cha zahanati. Mjukuu wangu hasubiri bajeti ya mwaka kesho. Mmeona wenyewe hata leo alivyokataa kusubiri."

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti akataka kura ya mikono, na mikono ikawa mingi. Bucha peke yake alikunja yake kifuani. Karani akaandika maoni, akayapeleka wilayani.

Mke wa Fundi hakuishia hapo. Alijua kwamba maoni yanaweza kulala kwenye faili. Kila Jumatatu alikwenda ofisi ya wilaya kuuliza yamefika wapi, mpaka karani akawa anamwekea kiti mapema. Bajeti ilipotoka, vyumba vya jela havikuwemo. Paa la zahanati lilikuwemo.

Kazi ikaanza. Watu sita wa vifungo vya nje walibeba mchanga na kupaka rangi. Mwashi ndiye aliyepiga lipu, na kuta zikawa laini kama yai. Wilaya haikulipia vibarua, kwa hiyo fedha zilizobaki zikanunua vitanda viwili. Fundi Kitasa alitengeneza vitasa vya milango. Safari hii alivijaribu akiwa ndani, mara tatu, huku mke wake akisimama nje na kumcheka.

Wiki mbili baada ya chumba kufunguliwa, binti alijifungua pale salama. Alikuwa mtoto wa kike, mwenye sauti kali kuliko tupa ya babu yake. Bibi yake alitoka zahanati akirukaruka kama msichana.

Kifungo cha Mwashi kilikwisha. Deni la baiskeli nalo likaisha. Mganga mkuu wa zahanati, aliyeipenda lipu yake, alimpa kazi ya kujenga ukuta wa nyumba yake. Aliyemshika mkono kwenda kuomba kazi hiyo alikuwa Fundi Kitasa.

Jumamosi moja, Fundi alikuwa kwa Bucha akinunua nyama ya kumpikia mzazi. Mwashi akaingia, nguo zake zikiwa na vumbi la saruji. Bucha alikuwa bado hajakubali kushindwa.

"Mnitazame vizuri," alisema akinoa kisu. "Mimi sibadiliki kama nyie. Huyu alitakiwa awe ndani mpaka leo. Wote ndani! Nani ananipinga?"

Fundi alifungua mdomo amjibu, lakini Mwashi akamgusa bega. Akaweka fedha zake juu ya meza.

"Mzee Bucha, nikiwa ndani, unanilisha wewe. Nikiwa nje, nanunua kwako. Chagua unalotaka, halafu nipimie kilo moja."