Kidonge Kipi?

Mama Pacha alikuwa mlezi katika nyumba ya wazee. Kila alfajiri aliwaachia wanawe uji mezani, akamwamsha mumewe, akaenda kazini kwa miguu. Aliwaogesha wazee, akawalisha, akawapa dawa walizoandikiwa. Kila alichofanya alikiandika katika daftari la zamu. Daftari liliandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu daktari na baadhi ya wauguzi hawakujua Kiswahili.

Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini siku zilikwenda.

Katika chumba cha nne aliishi Bibi Redio. Walimpa jina hilo kwa kuwa hakunyamaza. Alitangaza habari za kila mtu, hata zile ambazo hazijatokea. Alikuwa na shinikizo la damu. Kila asubuhi alimeza kidonge kimoja, basi.

Jumanne moja Mama Pacha alimpa kidonge hicho, Bibi akakimeza. Mama Pacha akaandika: *She took a tablet.* Zamu ikaisha, akaenda zake.

Mlezi wa mchana akaingia, akasoma daftari. Akaenda chumba cha nne na kidonge cha shinikizo la damu mkononi.

"Nimeshameza, mwanangu," Bibi akasema.

"Bibi, wewe na habari zako! Haya, fungua mdomo."

Bibi akafungua mdomo.

Saa nane alisimama ili achungulie dirishani. Kichwa kikamzunguka. Akaanguka chini, nyonga ikavunjika.

Kesho yake sista mkuu, msimamizi wa wauguzi na walezi, aliwaita walezi wote wawili ofisini. Mlezi wa mchana alikuwa analia.

"Sista, iliandikwa *a tablet*. Nikajua ni kidonge tu, labda cha maumivu ya kichwa. Bibi huwa navyo mkobani. Kingekuwa kile cha asubuhi, si angeandika *the tablet*?"

"Bibi mwenyewe alikuambia," sista akasema. "Ulipaswa kuuliza kabla ya kumpa." Kisha akamgeukia Mama Pacha. "Na wewe, ulimpa kidonge kipi?"

"Kile chake cha shinikizo la damu, sista."

"Mbona hukuandika hivyo?"

Mama Pacha alisoma tena alichoandika. Hakujua hata alikosea wapi.

"Mpaka ujue unachoandika, usiguse daftari. Nenda chumba cha kufulia."

Jioni hiyo Mama Pacha alimsimulia mumewe yote. Mumewe, ambaye alikuwa kinyozi, alikuwa akisafisha vifaa vyake.

"Kineno hicho tu ndicho kimemvunja mtu nyonga?" akauliza.

"Ndivyo walivyosema."

Kinyozi akautazama wembe aliokuwa ameushika. "Na huu nao ni mwembamba," akasema polepole. "Nenda kwa Bi Karani, mke wangu. Kuuliza si ujinga."

Bi Karani alikuwa jirani yao. Alikuwa amepiga chapa barua za ofisi kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alimsikiliza Mama Pacha mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Nikikuambia *bring a chair*, utaleta kiti kipi?"

"Chochote."

"Sawa. Na nikisema *bring the chair*?"

Mama Pacha akasita. "Hapo nitakuuliza, kipi?"

"Umepata! *The* ni ya kitu ambacho mimi na wewe tunakijua. *A* ni ya kitu kimoja chochote, au kinachotajwa kwa mara ya kwanza. Ukisema *I saw a man*, mimi simjui. Ukiendelea, unasema *the man was old*. Sasa ni yule yule uliyenitajia."

"Mbona Kiswahili hakina taabu hii?"

"Sisi tunasema 'leta kiti', anayesikia anajijazia mwenyewe. Tukitaka kubana, tunasema 'kiti kile'. Kiingereza hakikuachii nafasi hiyo."

"Na *an*?"

"Huyo ni ndugu yake *a*, maana yao moja. Hutumika neno likianza kwa sauti ya irabu: *an egg*, *an orange*. Sikiliza sauti, usitazame herufi. Tunasema *an hour*, kwa kuwa ile *h* haisikiki. Na vitu visivyohesabika, kama maji, havitaki *a*. Andika *she drank water*, inatosha."

Kisha uso wa Bi Karani ukawa mzito. "Lakini kwa dawa, *the* peke yake haitoshi. Huenda msomaji hajui unachokijua wewe. Taja jina la dawa na saa."

Mama Pacha alirudi kila jioni kwa wiki tano. Mchana alifua mashuka. Mengine yalitoka chumba cha nne, kwa maana Bibi Redio alikuwa amerudishwa kutoka hospitali. Hakutangaza tena habari za mtu. Mama Pacha alikwenda kumwomba msamaha. Bibi aligeuza uso kuelekea ukutani.

"Nilisema nimeshameza," akasema.

Sista mkuu alimpa Mama Pacha mtihani wa kuandika, akamrudishia daftari. Wiki hiyo hiyo mzee wa chumba cha pili aliandikiwa dawa ya pili. Mama Pacha aliandika taratibu: *He took the blood pressure tablet at 7. The doctor gave him a new tablet for pain. He has not taken the new tablet.* Yaani, cha shinikizo la damu alishameza saa moja asubuhi, kile kipya cha maumivu bado.

Mlezi wa mchana alikuja na vidonge viwili kiganjani. Akasoma daftari mara mbili. Akamuuliza mzee kama ndivyo, mzee akaitikia kwa kichwa. Kimoja akakirudisha chupani.

"Hiki alishapewa," akasema.

"Ndiyo," Mama Pacha akajibu.

Hakuna aliyetabasamu. Wakaenda pamoja chumba cha nne kumgeuza Bibi Redio, mmoja upande huu, mwingine upande ule, kwa maana peke yake hakuweza tena.