Ichukue Ile Kazi

Siku ya mishahara, korido ya shirika la maji ilijaa watu kama siafu. Fundi wa pampu, mgane mwenye ovaroli iliyolowa mafuta, alisukumwa huku na huku hadi akamkanyaga mwanamke aliyekuwa akitoka masjala na majalada kifuani. Gauni la kijani, miwani imening'inia shingoni.

"Samahani, dada."

"Samahani haisafishi kiatu."

"Basi lete nikisafishe."

"Kwa tambara hilo? Si utakizika kabisa!"

Wakacheka. Kazini mwanamke huyo walimwita Kufuli, kwani jalada halikutoka kwake bila idhini, hata uje na machozi. Fundi alianza kupita dirishani kwake kwa shida za kazi, kisha bila shida yoyote. Mwisho simu zikawa kila jioni.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Na wewe, bwana grisi?"

"Nikiisikia sauti yako nashiba."

"Muongo! Kapike."

Kisha kiwanda cha mji mwingine kikamwita fundi kazini. Alimpigia Kufuli akitarajia kubembelezwa abaki.

"Siendi. Nikuache na nani?"

"Ichukue ile kazi."

"Unasema?"

"Ichukue, mpenzi wangu. Usiniulize kwa nini."

"Kuna mwingine?"

"Hakuna."

"Mbona unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Nakuomba."

Kila jioni wimbo ukawa huohuo, ichukue, ichukue. Mtu aliyekwisha kuzika mke anaijua baridi ya kitanda, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fundi akazima simu. Kwa hasira akawaambia wale wa kiwandani kwamba haji ng'o. Atabaki hapahapa, Kufuli amwone kila siku, moyo umsute.

Wiki hiyohiyo karakana ya mafundi wa pampu ikafungwa, wote wakaachishwa kazi. Tangazo lilibandikwa na mlinzi. Wakubwa wakitaka kuchinja hawashiki kisu, humtuma mtu. Amri yao ilikuwa imekaa masjala siku nyingi, na mafundi wote wanajua kila karatasi ya wakubwa hupita mikononi mwa nani.

Fundi alifika dirishani mbio. "Ulijua!"

Kufuli aliinamisha kichwa.

"Ulijua, ukaniacha niikatae kazi ya watu!"

"Nilikuomba."

"Neno moja tu lingetosha!"

"Halikuwa neno langu. Kujua karatasi ikae wapi, hata mtoto atajifunza. Kujua nani asiione, hapo ndipo kazi yangu ilipo. Leo nikikwambia wewe kwa kuwa nakupenda, kesho nitamwambia nani?"

"Kwa hiyo mimi ni nani kwako?"

Hakungoja jibu.

Lakini fununu zilikuwa zimetangulia tangazo. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa amebwata kwenye simu ndani ya gari, dereva anasikia. Wakubwa hawajiulizi, hutafuta shingo. Wakamwita Kufuli mbele ya kamati: una mpenzi karakana, umetoa siri.

Dereva alimnong'oneza fundi habari za kamati. Fundi akaenda bila kuitwa, na ovaroli yake.

"Mimi ndiye huyo mpenzi. Angeniambia, ningekataa kazi? Wapigieni kiwandani muwaulize."

Mkurugenzi akacheka. "Mwanamke amfiche mpenzi wake jambo kama hilo? Unamdanganya nani?"

"Hata mimi sikuamini, mzee. Nimemfokea bure."

Hawakupiga hata hiyo simu. Wakamfukuza Kufuli, na masjala akapewa mpwa wa mkurugenzi, asiyejua tofauti ya jalada na gazeti.

Nje ya geti jua liliwaka. Fundi aliketi ukingoni mwa mtaro, uso viganjani. Kufuli alisimama na mkoba wake.

"Wote wawili sasa," fundi akasema. "Hatuna mbele wala nyuma. Ungeniambia, mmoja wetu angekuwa na kazi."

"Najua."

"Ikitokea tena, utaniambia?"

Machozi yalimtoka Kufuli, lakini akatikisa kichwa. "Hapana, laazizi."

Fundi alimtazama sana. "Waliomo mle ndani hakuna anayeweza kumkabidhi mwenzake hata kikombe. Mimi nikiwa nawe nitalala usingizi. Nikubalie nikuoe."

"Tutakula nini?"

"Sijui. Wallahi sijui."

Kufuli alifuta vumbi ukingoni kwa kiganja.

"Sogea," akasema, akaketi.