Dawa Juu ya Dawa

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, seremala aliamka mapema, akampigia mama yake hodi. Mama aliugua figo. Siku hizo tatu ilibidi asafishwe damu kwa mashine hospitalini, saa mbili kamili. Kiti chake kilikuwa kile cha dirishani. Alikipenda kwa sababu alipata kuona watu wakipita.

Gari lilikuwa la seremala, na kwa wiki mbili lilikuwa likimpa wasiwasi. Kulanti, yale maji mekundu yanayopoza injini, yalikuwa yakipungua kidogo kidogo kwenye tangi lake. Akaenda kwa muuza vipuri.

"Chukua hii, kaka. Dawa ya rejeta," muuzaji alimwambia. "Inaziba panapovuja, inaondoa kutu, inapoza. Mimina usahau."

Alimimina, na kweli akasahau. Kulanti ilipopungua tena, alinunua dawa ya aina nyingine, akaimimina juu ya ile ya kwanza. Si dawa ni dawa tu? Loo! Neno hilo ndilo lililomponza.

Jumatano, wakiwa njiani, mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu.

"Mbona kunanuka?" mama aliuliza kutoka kiti cha nyuma.

Seremala akaegesha pembeni, akazima injini. Mvuke ulifuka chini ya boneti. Akachukua kitambaa ili afungue kifuniko cha rejeta.

"Acha!" mama alipiga kelele. "Sufuria ikichemka, ukiifunua ghafla, mvuke unakwenda wapi? Si usoni? Mimi nataka mtoto mwenye macho!"

Seremala akaacha. Alimpigia simu jirani yao, fundi wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Spana, aje alivute gari. Kisha wakatafuta gari la kukodi. Walifika hospitali saa nne, na kwenye kiti cha dirishani alikuwa amekaa mgonjwa mwingine.

Mama alingoja kiti kingine hadi alasiri. Miguu ilimvimba, akahema kama aliyepanda mlima. Seremala alikaa kando yake, roho inamuuma.

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe tukifika nyumbani," mama alijibu kwa shida.

Asubuhi iliyofuata alikwenda gereji. Injini ilikuwa imepoa. Bi Spana alichomoa mpira wa chini wa rejeta. Likatoka tope zito la kahawia, kama uji ulioungua.

"Umemimina nini humu?"

"Dawa. Mbili."

"Haya. Mama akienda kwa daktari, daktari humuuliza nini kabla ya kumwandikia dawa?"

"Humuuliza anakunywa dawa gani nyingine."

"Kwa nini?"

"Zisije zikagombana," seremala alisema, kisha akainamisha kichwa.

"Basi na humu zimegombana," alisema Bi Spana. "Kulanti ya magari ya siku hizi hutoka kiwandani na dawa zake ndani, za kuzuia kutu na povu. Ukiweka ile inayotakiwa na ukaibadilisha kwa wakati wake, haihitaji nyongeza. Na hiyo ya kuziba haichagui. Imeziba mpaka vinjia vya rejeta. Mtu aliyekwama mbali anaweza kuitumia ili afike kwa fundi, basi."

"Sasa ilikuwa inavuja wapi?"

Bi Spana aligusa mkanda mdogo wa chuma unaobana mpira. "Klipu imelegea. Ni bisibisi na dakika tano."

"Klipu!"

"Ndiyo, bwana mkubwa. Klipu."

Alisafisha mfumo mzima, akafunga rejeta nyingine na klipu mpya. Kisha akatoa kijitabu cha gari, ambacho bado kilikuwa ndani ya plastiki yake. "Soma hapa."

Seremala alisoma polepole, kidole kikifuata mstari: aina ya kulanti, na muda wa kuibadilisha. Hakuna mahali palipoandikwa aongeze dawa.

Ijumaa, kabla ya kuwasha injini, alitazama tangi. Kulanti ilikuwa kwenye alama yake. Akachungulia klipu pia. Palikuwa pakavu.

"Umempa mgonjwa wako dawa?" mama alimtania.

"Haumwi, mama. Alikuwa amelegea mkanda tu."

Mama alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Njia nzima mshale ulitulia katikati. Walipofika hospitali, saa mbili ilikuwa bado. Seremala alimshika mama mkono, wakaingia.

Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu, kinamsubiri.