Kitambaa Chenye Kiu

Barazani alikuwapo Mama Subira, fundi cherehani. Alikuwapo Subira, binti yake mkubwa. Alikuwapo Mashavu, binti yake mdogo. Alikuwapo na Pamba, paka wao.

Ndani, kitandani, alikuwapo Bibi Mwanjaa binti Kombo. Miguu yake haikuweza tena kumtoa nje.

Mbele ya kitanda palikuwa na ukuta mtupu. Kutwa nzima Bibi aliutazama ukuta.

"Nitamchorea Bibi jogoo," akasema Mashavu.

Mama akampa kipande cha kitambaa cheupe cha marekani. Alikuwa amekifua asubuhi, wanga wote ukatoka. Kilikuwa laini kama sikio la Pamba.

Rangi ilikuwa kidogo, mabaki ya kupakia baraza. Nyekundu, njano na buluu. Mashavu akaongeza maji, ikawa nyepesi kama chai.

Akachora kichwa chekundu. Akachora mkia mwekundu.

*Kitambaa kina kiu!*
*Fyo, fyo, fyo, kikanywa.*

Kichwa kikatanuka. Mkia ukatanuka. Mashavu akachora miguu, haraka haraka.

*Kitambaa kina kiu!*
*Fyo, fyo, fyo, kikanywa.*

Subira akacheka. "Jogoo gani huyu? Kayeyuka kama barafu!"

"Mama, kitambaa kimemla jogoo wangu!"

"Hakina wanga, mwanangu. Kitambaa kisicho na wanga hunywa kila kitu."

Machozi yakamlengalenga Mashavu. Rangi nyekundu imekwisha. Kitambaa kingine hakuna. Ukuta wa Bibi utabaki mtupu.

"Mke mwenzangu!" Bibi akamwita Mashavu kwa utani kutoka ndani. "Niletee nione."

"Ni mbaya, Bibi."

"Lete hivyo hivyo."

Bibi akatazama. Akatazama tena. "Jogoo yuko wapi?"

"Kanywewa."

Bibi akacheka mpaka kitanda kikalia, kwi, kwi, kwi.

"Afadhali! Angewika hapo ukutani, nisilale. Mimi naona jua linachomoza. Hebu kiongezee rangi, bado kina kiu hicho."

Mashavu akamwaga njano. Akamwaga buluu. Subira akashika pembe mbili, na Mashavu pembe mbili.

"Inua huko!"

"Shusha wewe!"

Rangi zikatembea. Rangi zikakutana. Walipokiweka kitambaa chini, Pamba naye akapita juu yake, akaacha nyayo.

*Kitambaa kina kiu!*
*Fyo, fyo, fyo, kikanywa.*

Kilipokauka, Mama akakitundika ukutani, mbele ya kitanda.

Kila usiku, kabla ya kulala, Bibi alimuuliza Mashavu, "Leo unaona nini?"

"Naona mvua, Bibi."

"Mimi naona shamba la baba yangu kule Mkinga."

Kesho yake waliona kitu kingine. Na kesho kutwa, kingine tena.

Siku hizi Mashavu na Subira wanalala chumba kile cha Bibi.

"Leo unaona nini?" anauliza Mashavu.

"Jogoo!"

"Muongo! Si kanywewa?"

Wanacheka, wanacheka, mpaka usingizi unawachukua.

Bibi Mwanjaa binti Kombo alifariki mwezi wa Rajabu, picha ikiwa mbele yake.